Saa moja kila stesheni: kuchora milima ya Uswisi kwa treni

Watalii wengi wanaokwenda kuiona reli ya Bernina hukata nafasi kwenye behewa la vioo, hukaa kitako saa nne kutoka Chur hadi Tirano, hujaza simu picha zenye vivuli vya abiria wenzao kwenye dirisha, kisha hushuka. Kwa mtu mwenye penseli hiyo ni hasara. Madirisha ya behewa lile hayafunguki, kiti unakilipia nyongeza juu ya nauli, na baya zaidi ni kwamba ukiona mahali pa kuchora huwezi kushuka. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote humu yanautumikia: panda treni ya kawaida, ile wanayopanda wanafunzi na watu waliotoka dukani, shuka kwenye stesheni ndogo, chora hadi treni ijayo ifike.

Jambo hili linawezekana kwa sababu ya ratiba. Tangu 1982 Waswisi wanaendesha treni zao kwa mpangilio wa saa: kama moja imepita dakika nne baada ya saa nane, inayofuata nayo itapita dakika nne baada ya saa tisa, na hivyo hivyo hadi jioni. Kwenye reli za milimani za jimbo la Graubünden karibu kila stesheni hupata treni kila saa. Maana yake ni kwamba ukishuka umepewa saa moja. Inatosha kuchora mchoro mmoja mzuri, na haitoshi kuuharibu kwa kuurembaremba.

Reli ninayoizungumzia ni ya shirika la Rhätische Bahn, lenye treni nyekundu unazoziona ng'ambo ya bonde kabla hujazisikia. Njia ya Albula ilifika Celerina 1903 na St. Moritz 1904, ile ya Bernina, inayovuka milima hadi Tirano nchini Italia, ilikamilika 1910. Zote mbili ziliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Msomaji aliyewahi kupanda reli ya kati ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, au ile ya kale ya Mombasa kwenda Nairobi, atajisikia nyumbani kwa jambo moja: upana wa reli ni ule ule, mita moja kamili. Ndiyo maana treni hizi zinaweza kukata kona kali ambazo reli pana isingethubutu.

Wakati wa kwenda

Nenda Oktoba. Majani ya Ulaya hupukutika kila mahali mwezi huo, lakini katika bonde la Engadin mwenye shughuli ni mti mmoja: lariksi. Ni wa jamii ya misonobari, ila wakati karibu ndugu zake wote hubaki kijani mwaka mzima, wenyewe hugeuka manjano na kumwaga sindano zake zote kabla ya theluji kukaa. Rangi huiva kuanzia katikati ya mwezi. Huanza juu na kushuka, kwa hiyo ukikuta miti ya kijijini bado kijani, panda stesheni moja au mbili juu zaidi. Usiiahirishe siku nzuri kwa kutarajia iliyo nzuri zaidi. Usiku mmoja wa upepo mkali unaweza kuyaondoa manjano yote.

Mwanga wa Oktoba ni zawadi kwa mchoraji. Jua hupita chini, vivuli ni virefu hata saa sita mchana, na kila tuta la mlima linajionyesha umbo lake. Lakini siku ni fupi. Katikati ya mwezi jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwenye bonde jembamba utalipata baadaye sana na kulipoteza mapema. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na hapo jioni inakatika ghafla. Michoro yako yote ipangie kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Nje ya hapo, kaa ndani uchore vikombe.

Angalizo ambalo vipeperushi vya utalii havilipi uzito: mwisho wa Oktoba ni msimu wa katikati. Hoteli nyingi za Engadin na magari ya kamba ya kupandisha watu milimani hufunga hadi Desemba, wenye kazi wakienda likizo kabla ya watelezaji theluji kufika. Treni haziachi kupita, lakini unaweza kufika St. Moritz ukakuta milango imefungwa barabara nzima. Ulizia malazi kabla hujalipia ndege. Bergün, Pontresina na Poschiavo ni vituo vizuri kuliko St. Moritz yenyewe, kwa bei na kwa utulivu.

Karatasi na tiketi

Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, na Italia pia, kwa hiyo viza moja inakutosha hadi Tirano. Paspoti usiiache hotelini: mpaka wa Campocologno huonekana kama kituo cha kawaida tu, lakini maofisa huweza kupanda na kukagua.

Uswisi ni ghali, hilo halina maficho. Kuna kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja kwa wageni, na kuna pasi ya siku kadhaa inayokuruhusu kupanda na kushuka utakavyo. Kwa safari ya kushukashuka kama hii, pasi ndiyo inayokupa uhuru. Lakini piga hesabu zote mbili kwa siku zako mwenyewe, maana mtu anayelala kijiji kimoja na kutembea zaidi ya kupanda treni huona kadi ya nusu nauli inamfaa zaidi. Uliza pia hotelini kama malazi yanakuja na usafiri wa eneo hilo. Chakula nunua dukani, kwenye Coop au Migros: mkate, jibini, tofaa, na chupa ya chai iliyojazwa asubuhi.

Ratiba huandikwa kwa saa 24, hivyo 14:04 ni saa nane na dakika nne mchana. Stesheni nyingi zina mabango mawili. La manjano ni la treni zinazoondoka, jeupe ni la zinazofika. Tazama la manjano.

Na jambo moja litakalokuokoa na baridi: stesheni nyingi ndogo za reli hii ni za kusimamisha kwa ombi. Ndani ya behewa kuna kitufe cha kubonyeza ukitaka kushuka, na kwenye jukwaa la stesheni kuna kingine cha kumjulisha dereva kwamba upo. Aliyekaa kwenye benchi akichora kwa furaha bila kubonyeza ataipungia mkono treni ikimpita.

Mfuko wa mchoraji

Chukua kidogo. Daftari moja la karatasi nzito, gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi, lisilozidi ukubwa wa kitabu cha hadithi ili likae mapajani. Penseli laini mbili. Kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji. Kisanduku kidogo cha rangi za maji, na brashi ile yenye mpini wa kujazwa maji, ambayo haihitaji kikombe cha kumwagikia jirani. Vibanio viwili vya kushika kurasa, kwa sababu upepo wa Ospizio Bernina, kileleni mwa njia, hauna adabu. Kanga moja: utafutia brashi, utafunika mapaja, na ukikaa utajitandikia.

Baridi ina desturi zake. Rangi ya maji hukauka polepole mno kwenye hewa ya nyuzi tatu au nne, na chini ya sifuri huganda juu ya karatasi ikaacha michoro ya barafu ambayo hukuichora wewe. Wapo wachoraji wanaotia pombe kali kidogo kwenye maji yao ili yasigande. Asiyetaka kuigusa pombe achukue penseli za rangi, na pengine asizikose hata aliye na rangi za maji, kwa sababu nitakayoieleza tukifika St. Moritz. Vaa nguo nyembamba nyingi badala ya koti moja nene, soksi za sufu, na glavu zilizokatwa vidole. Beba kipande cha sponji la godoro cha kukalia. Mwili huanza kupoa kutokea makalioni, na aliyekalia jiwe hamalizi mchoro.

Kwa rangi zenyewe, tano zinatosha: manjano ya udongo, manjano angavu, kahawia ya moto, bluu iliyoiva na nyekundu moja. Lariksi usiipake manjano tupu ya ndimu. Ianze kwa manjano ya udongo, kisha gusa kahawia kwenye upande wa kivuli. Kijani cha ile misonobari isiyopukutika, inayosimama katikati ya lariksi kama madoa meusi, changanya kwa bluu na kahawia. Weka giza hilo mapema: manjano haing'ai mpaka iwe na jirani mweusi.

Ukiwa ndani ya treni

Kuchora treni ikienda ni mchezo wa aina yake. Kaa ukiwa umetazama ilikotoka treni, si inakokwenda. Vitu vitaingia machoni mwako kisha vitakuwa vinajitenga taratibu, na utakuwa navyo kwa muda mrefu zaidi. Vya karibu viache. Nguzo, uzio na nyumba ya kwanza vinapita haraka kuliko mkono, ila mstari wa vilele husogea polepole na unaweza kuufuata dakika nzima.

Gawa ukurasa kwa visanduku kumi na viwili vya ukubwa wa kiberiti. Kila treni inapotoka handakini, jaza kimoja: mstari wa mlima, umbo la msitu, basi. Ikiingia handaki linalofuata, andika chini yake majina ya rangi ulizoziona kabla hujazisahau. Njia ya Albula ina mahandaki ya kutosha kukufundisha nidhamu hiyo bila mwalimu. Mabehewa ya zamani bado yana madirisha ya kushusha, na hewa ya kule itakuamsha, lakini waombe ruhusa walio karibu nawe kwanza. Abiria wenzako wachore kwa mgongo au mikono. Waswisi ni wapole, ila hawapendi kukodolewa macho.

Kutoka Chur kwenda Tirano, keti upande wa kulia.

Filisur, na namna ya kuchora daraja

Hapa ndipo pa kutulia. Kabla tu ya kufika Filisur treni inapita daraja la Landwasser, lililojengwa 1901 na 1902: urefu mita 136, kimo mita 65, matao sita, yote kwenye kona, na mwisho wake treni inatumbukia moja kwa moja kwenye handaki lililochimbwa ukutani mwa jabali. Ukiwa ndani unaona kwa sekunde chache tu. Shuka Filisur, fuata vibao vya manjano vya njia ya miguu, na kwa nusu saa hivi utakuwa chini ya daraja au kwenye kilima cha kulitazamia. Vibao vya Uswisi huandika muda badala ya umbali, na muda huo ni wa mtu asiyesimama kupiga picha, ongeza robo. Hapa saa moja haitoshi, jipe mbili au tatu.

Wengi wanaolichora hulifanya fupi na nene. Sababu ni kwamba jicho hupenda matao, na mkono huyapanua. Tumia vipimo: kila tao lina upana wa mita 20, na nguzo ndefu zaidi zinakaribia kimo chote cha mita 65. Yaani upana wa tao unaingia kwenye kimo mara tatu na kidogo. Shika penseli kwa mkono ulionyooka, pima upana wa tao la katikati, ushushe kwenye nguzo, hesabu. Unapoona kwenye karatasi kuwa daraja limekuwa jembamba kupita kiasi, huenda ndiyo umepatia.

Anza juu. Mstari wa reli kwanza, mmoja, uliopinda, usioinuliwa penseli. Kisha nguzo tano, mistari myepesi ya wima, zikipungua nafasi kati yake kadiri daraja linavyopinda kwenda mbali nawe. Matao yaje baadaye. Handaki ni doa jeusi. Liweke mapema, litakupa kipimo cha weusi wa ukurasa mzima. Treni yenyewe usiichore kabla haijaja. Acha nafasi nyeupe juu ya mstari wa reli, endelea na misitu, na ukisikia chuma kinanguruma, chukua brashi ya nyekundu. Ni mgusio mmoja mrefu. Itapita chini ya dakika moja, na kwa kuwa ndani ya saa moja kuna ya kwenda na ya kurudi, ukiikosa ya kwanza hujakosa kitu.

Bergün hadi St. Moritz

Kati ya Bergün na Preda reli inapaswa kupanda zaidi ya mita 400 ndani ya bonde fupi, hivyo wahandisi waliizungusha tumboni mwa mlima na kuivusha bonde huku na huku hadi ikawa na urefu wa kilomita 12 hivi. Matokeo yake ni kwamba kijiji cha Bergün na mnara wa kanisa lake hukutokea dirishani mara kadhaa, kila mara chini zaidi, mara kulia, mara kushoto. Chora mnara huo kila unapotokea, kwenye ukurasa mmoja, na utakuwa umechora kupanda mlima bila kuchora mlima. Mwenye miguu mizuri ashuke Preda na kurudi Bergün kwa njia ya miguu inayofuata reli. Ni kama saa mbili na nusu, mteremko mtupu, na treni zitakukatiza juu na chini. Nyumba za Bergün ni za mtindo wa Engadin: kuta nene, madirisha madogo yaliyozama ndani, na mapambo yaliyokwaruzwa kwenye chokaa. Mtu anaweza kumaliza alasiri kwa dirisha moja.

Baada ya Preda kuna handaki la Albula la karibu kilomita sita. Kunywa chai.

St. Moritz mimi huipita. Kinachonisimamisha ni jumba la makumbusho la Giovanni Segantini, lililofunguliwa 1908, nalo hufungwa kati ya misimu, kwa hiyo angalia kwanza. Segantini alibeba turubai zake hadi juu milimani na kuchora hapo hapo baridini; alifariki Septemba 1899, akiwa na miaka 41, kwenye mlima wa Schafberg juu ya Pontresina, kazi yake kubwa ya michoro mitatu ya Alpi ikiwa haijakamilika. Ukisogea karibu na turubai utaona hapaki rangi bapa: anapanga nyuzi nyembamba za rangi tofauti sambamba, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Hii ndiyo ile sababu ya penseli za rangi. Nyuzi za manjano, chungwa na kahawia zilizolazwa pamoja hutoa lariksi iliyo hai kuliko rangi yoyote ya kopo, na hazigandi.

Juu, kisha chini

Kutoka Pontresina treni inaanza kupanda kwa kweli, mwinuko wa hadi asilimia 7 bila reli ya meno. Stesheni ya Morteratsch iko katikati ya lariksi. Kutoka hapo kuna njia tambarare ya kwenda kwenye barafu kuu, na pembeni yake vibao vinavyoonyesha ilikuwa imefika wapi mwaka gani. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita mbili tangu katikati ya karne ya 19. Chora kutoka kwenye kibao kimoja cha zamani ukitazama ilipo leo. Mawe matupu yaliyo kati yako na barafu ndiyo sehemu kubwa ya mchoro, usiyakwepe.

Ospizio Bernina, mita 2253, ndicho kilele cha njia. Miti hakuna. Kuna ziwa la Lago Bianco, ambalo vumbi la mawe kutoka kwenye barafu limelipa rangi ya maziwa yaliyotiwa bluu, na hatua chache kaskazini yake Lej Nair, dogo na jeusi. Maji ya jeupe huishia bahari ya Adriatiki, ya jeusi huenda hadi Bahari Nyeusi kupitia mto Danube. Ukurasa mmoja, maziwa mawili, penseli tu. Dakika ishirini zikitosha, ingia stesheni.

Alp Grüm, mita 2091, haina barabara ya gari. Unafika kwa treni au kwa miguu. Jengo la stesheni ni la mawe, lina mgahawa, na dirisha lake linatazama barafu ya Palü na bonde la Poschiavo lililolala zaidi ya mita elfu moja chini yako. Kama una siku moja tu katika safari hii yote, ije hapa. Agiza supu, kaa dirishani, na ukubali kwamba bonde lote halitaingia kwenye daftari. Chagua utepe mmoja wa wima: barafu juu, msitu wa manjano katikati, kijiji chini.

Baada ya Poschiavo kuna Brusio, ambako reli inajizungusha duara kamili hadharani, juu ya daraja la matao tisa, na kupita chini yake yenyewe. Unaweza kuingia uwanjani katikati ya duara na kungoja treni ikuzunguke. Jirani kuna mashamba ya michesti, na Oktoba njugu zake huwa zinaokotwa.

Tirano iko mita 429 tu, na hewa yake ni nyingine kabisa, utavua koti. Treni inakatiza uwanja ulio mbele ya kanisa la Madonna ikipita kati ya magari, mahali pazuri pa mchoro wa mwisho. Usirudi St. Moritz jioni ile ile: giza litakukuta kabla ya kilele na utalipa nauli ya kutazama kioo cheusi. Lala Tirano au Poschiavo, urudi asubuhi. Au endelea hadi Milano kwa treni ya Italia, saa mbili na nusu hivi, ukikaa kulia ili ziwa Como liwe upande wako kuanzia Colico hadi Lecco. Pasi ya Uswisi haifanyi kazi huko. Nunua tiketi mpya stesheni ya upande wa pili wa uwanja, na ikiwa ni ya karatasi, ipigishe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.